Benchi Lililozaliwa Siku Moja

Juzi nilipeleka kiwiko changu, kilichochunwa na pikipiki ya boda, kwenye kituo cha afya cha hapa Koboko, Uganda. Wamepata kompyuta ndogo ya kushika mkononi kama sahani. Sista, muuguzi wa zamu, aliifuta kioo kwa kanga yake, akatangaza kwamba daftari za shule tunazoandikiwa magonjwa yetu sasa ni za kuwashia moto.

Akaita, "Aliyezaliwa tarehe moja, mwezi wa kwanza!"

Nusu ya benchi ikasimama. Ukivuka toka Sudani Kusini bila kujua siku yako, karani wa kuandikisha wakimbizi anakupa hiyo.

Bibi mmoja akafika wa kwanza. Dawa yake ya presha ilikuwa imeisha, na kichwa kilimgonga. Sista akabonyeza jina kama lake kwenye orodha ya tarehe hiyo, akakunja uso.

"Mama, hapa iko na mimba ya miezi saba. Enda laini ya wajawazito."

"Mimi? Mzee yangu alikufa zamani. Hii mimba ilitoka kwa kompyuta?"

Tulicheka sote, isipokuwa bibi, aliyeshika kichwa kwa mikono miwili. Basi mimi, profesa niliyeishia darasa la tano, nikasema, "Sista, soma daftari yake!"

Bibi akaichomoa kifuani. Presha ilikuwemo, na jina la dawa. Akapewa vidonge. Sista akaandika namba yake ya kompyuta kwenye jalada.

"Mama, usipoteze hii. Kompyuta itaiuliza."

Ikafika zamu yangu. Nikanyoosha kiwiko kishujaa.

"Daftari yako iko wapi?"

Nilikuwa nimeiacha nyumbani niliposikia kompyuta imefika, kwa kuamini maendeleo.