Kaniki ya Mke wa Mpagazi

Juzi, kwenye maonyesho ya shule hapa Makole, nilimwona binti akiigiza mke wa mpagazi wa misafara ya kale, mkono mmoja ukishikilia vazi lisidondoke. Nikamkumbuka mama.

Nami niliigiza hivyo utotoni. Siku moja kabla ya onyesho, mama alipinda kaniki mpya, bado inanuka rangi, akanifunga kifuani na kunipa ndoo.

"Nenda bombani nayo hivyohivyo."

"Mama, watanicheka!"

"Wacheke. Mwenzio unayemwigiza alitoka pwani mpaka Mpwapwa kwa miguu. Wewe bomba tu?"

Nilidhani ananiadhibu kwa sababu nilitaka gauni la mitumba linalong'aa. Bombani wenzangu waliinama: "Bibi, shikamoo!" Kaniki ililegea mara mbili njiani, na kila niliporudi mama alinituma tena, mpaka nikaweza kuifunga mwenyewe.

Kesho yake jukwaani wenzangu walishika nguo zao, wakasahau maneno. Mimi niliinua mtungi kwa mikono miwili, nikayasema yote.

Baadaye nilisoma katika vitabu vya uigizaji kwamba vazi la kale lazima lizoeshwe mwilini. Mama hakuwa amesoma hayo. Siku ile alikaa nyuma kabisa, na watu walipopiga makofi, yeye alikuwa bado anatazama fundo la kaniki yangu.