Hatua Moja kwa Siku

Mzinga wangu ulikuwa kando ya njia ya pampu, hapa Nchelenge tunapoishi sisi tuliokimbia kutoka Kongo. Nyuki waliuma watoto wawili wa jirani yangu, naye akaja mikono kiunoni.

"Mama, utoshe ule muzinga ku njia, ao shiye tutauchoma."

Nilikasirika: niutoe njiani, la sivyo wauchome? Asali yangu alikuwa anailamba bila aibu! Lakini watoto wake walikuwa wamevimba macho.

Mimi ni mtu wa kuuliza simu kila kitu. Nikaiuliza ile akili mnemba: mzinga niuhamishie wapi? Ikajibu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi kwamba niupeleke nyuma ya jiko, jioni, nyuki wakiwa ndani. Hatua kumi na mbili tu. Nikaupeleka, nikajiona mjanja.

Asubuhi nyuki walitoka kutafuta maua, kisha wakarudi palepale pa zamani. Wakazunguka hewani, wakajirundika kwenye jiwe lililokuwa chini ya mzinga, na nyumba yao iko pale karibu. Mume wangu alicheka hadi akakaa chini.

"Iyi telefone yako ilishakaona nyuki hata moya?"

Nikaikaripia simu. Ikaomba radhi, ikaeleza kwamba mzinga husogezwa hatua moja kwa siku, au hupelekwa mbali kabisa. Ukipelekwa mbali, kila nyuki akitoka huugeukia mlango kwanza na kuukariri. Kumbe ilikuwa inajua! Haikusema hilo jana kwa sababu yenyewe haijawahi kurudi nyumbani ikakuta jiwe.

Nikaurudisha mzinga. Jirani akakubali kuwapitisha watoto upande wa mihogo, na kila jioni nikausogeza hatua moja, yeye akihesabu kwa sauti kutoka mlangoni kwake. Siku ya kumi na mbili ulifika nyuma ya jiko, na nyuki wote waliujua. Nilimpelekea bakuli la asali. Nilikuwa na furaha ya kitoto.

Sisi tulihamishwa mbali kabisa. Wiki ya kwanza hapa mahema yote yalifanana, nami nilikuwa natoka kinyumenyume, nikiukariri mlango wetu: kitambaa chekundu, ndoo iliyopasuka. Mume wangu alidhani nimechanganyikiwa. Sikuwa na simu wakati huo, wala sikuwa nafuga nyuki.

Siku hizi nikienda ziwani kununua samaki, natoka bila kugeuka.