Dawa Nyumbani kwa Dada

Mtaalamu, mwanamke kutoka chuoni, alifika machimboni kwetu, upande wa Bugarama, na karatasi yake ya maswali. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, unatumia zebaki?" Akazunguka maduara kumi na moja, yaani mashimo yetu ya dhahabu, akapewa hapana kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili, maana nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kila aliyesema hapana alikuwa na kichupa mfukoni. Vichupa vyote hivyo niliwauzia mimi.

Hawakumdanganya. Zebaki hawakuijua, waliijua dawa. Miaka hiyo ya themanini dawa ilitufikia kwa njia ambazo hata leo sioni haja ya kuzieleza, katika vichupa vya penisilini vyenye vizibo vya mpira. Ukiitia kwenye mchanga uliosagwa, inaikusanya dhahabu yote, hata ile usiyoiona kwa macho. Unakamua kwa kitambaa, unabaki na tonge jeupe. Unalichoma tonge, dawa inapaa, dhahabu inabaki kikaangoni. Kitu cha namna hiyo ungekiita nini?

Nilimvuta pembeni. "Ukiendelea hivyo utarudi chuoni na karatasi safi kabisa."

"Niulizeje, kaka?"

"Uliza dawa."

"Wewe umejuaje?"

"Nawajua watu."

Akaniomba niwe mkalimani wake, kwa sababu wengi pale Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, mambo ya nyumbani waliyasema kwa Kisukuma. Tulipatana mambo matatu: nikae kiti cha mbele, nile mchana, na jina langu lisiandikwe popote. Hilo la tatu hakuuliza sababu. Nikajua nimepata mtu mwerevu, na hilo halikunifurahisha.

Garini alinieleza kazi yake. Alikuwa ametoka Nkome, alikokaa wiki nzima mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, akinunua. Ananunua sangara mzima, anakata kinofu cha ukubwa wa kucha, anakitia kwenye chupa, samaki anamrudishia mwenyewe. Wachuuzi wa Nkome walimpenda mno. Waliniuliza baadaye kama nchi inao wateja wengine wa aina hiyo.

"Watu wanadhani ikipaa imekwisha," alisema. "Haiishi. Inarudi na mvua, inaingia mtoni, inafika ziwani. Kwenye tope inageuka kuwa kitu kibaya zaidi, dagaa wanaila, sangara anawala dagaa, sisi tunamla sangara."

"Hiyo ni safari ndefu."

"Ipo ya mkato. Anayekaa karibu wakati wa kuchoma anaivuta mwenyewe."

Nikaangalia nje ya dirisha. Nikauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka. "Na mjamzito je?"

"Mjamzito ndiye ninayemwogopea kuliko wote. Inampita yeye, inafika kwa mtoto."

Dada yangu mdogo alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa mwenye duara, na matonge yote ya duara lile yalichomwa ndani ya nyumba yake, milango imefungwa, kwa sababu anayechoma dhahabu nje anawatangazia wezi. Nilimwambia dereva akunje kushoto. Mtaalamu aliniangalia.

Tulimkuta mama mkwe wa dada anapepeta mtama uani. Mama yule Kiswahili hakukijua wala hakukitaka. Nilipiga goti nikamwamkia mama yule kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, akatupa vigoda. Dada akatoka jikoni taratibu, mkono mmoja kiunoni. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi mifupa ya vifundo haionekani.

"Shikamoo kaka. Leo umekuja na gari, umeshataka kuoa?"

"Marahaba. Huyu ana akili, hawezi kunikubali."

Mtaalamu akaanza. Je, nyumba hii inatumia dawa? Nami nikalitia neno kwenye Kisukuma bila kufikiri, kama nilivyofanya siku ya kwanza nilipoleta kichupa pale: *bugota*. Kwa Kisukuma bugota ni dawa ya mganga, dawa ya mizizi, dawa ya kumpa mtu apone. Haina maana nyingine.

Mama mkwe akaweka ungo chini. Alifurahi kuulizwa.

"Tunaitumia," alisema. "Na huyu mkwe wangu ninamfukiza nayo. Tangu miguu ivimbe, kila mwanangu akichoma, ninamkalisha kwenye kigoda, ninamfunika blanketi pamoja na kikaango, moshi unampanda vizuri. Bugota yenye nguvu ya kutafuta dhahabu kwenye jiwe itashindwa na miguu?"

Mtaalamu alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Anasemaje?"

Ningeweza kusema lolote. Kati yetu hakuna mwingine aliyejua lugha zote mbili vizuri, ila dada, naye alikuwa anatazama miguu yake. Nikatafsiri. Kila neno, pamoja na blanketi.

Kalamu haikuandika. Mtaalamu aliuliza kwa sauti ndogo, "Mara ngapi?"

Dada akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili. "Kama mara sita." Akafikiri. "Saba. Kwani vibaya?"

Hapo shemeji akaingia uani na watu wake wawili. Alikuwa na kitambaa kimefungwa fundo, na nililijua tonge kwa jinsi alivyolishika. Alimtazama mgeni, akatazama gari, akanitazama mimi.

"Shemeji, umeniletea serikali nyumbani?"

"Ni mtaalamu wa samaki."

"Samaki wako ziwani. Mama, washa moto. Mke wangu, ingia ndani."

Dada alishika ukingo wa kigoda ainuke. Nikamwambia akae. Sikuwahi kumwamuru dada yangu ndani ya ua wa mume wake. Haifanywi, na wote pale walijua haifanywi. Wale watu wawili wakasogea mlangoni.

"Dawa hii inamdhuru," nilisema.

"Dawa hii umeniuzia wewe." Hakupaza sauti. "Ulisema haina neno. Ulisema hata mtoto anaweza kuichezea kiganjani. Leo umepanda gari, imekuwa na neno?"

Mtaalamu alinigeukia. Aliyekuwa hajui sababu ya sharti la tatu, sasa alijua.

Nimepatana na watu wenye mapanga, na polisi, na padri mmoja wa Ushirombo aliyekuwa mgumu kuliko polisi. Daima nilikuwa na kitu cha kutoa. Siku ile sikuwa nacho. Nikamgeukia mama mkwe, nikapiga goti tena.

"Mayu, neno nililokuletea halikuwa lake. Si bugota. Ni *busungu*."

Busungu ni sumu, ile inayopakwa kwenye mishale. Kule kwetu neno hilo halitamkwi kwa mzaha mbele ya mwanamke mwenye mimba. Mama yule alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba kuku waliufikia ungo, wakala mtama wake, asiwafukuze.

"Uliijua?"

"Jana sikuijua, mayu. Lakini sikuuliza pia."

Akasimama. Alimpita mwanawe, akaingia ndani, akatoka na kikaango na blanketi, akavitupa nje ya ua. "Hapa hutachoma tena," alimwambia mwanawe. "Mkiogopa wezi, ogopeni porini." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mpeleke dada yako hospitali ya masista. Leo. Usirudi hapa mpaka nikuite."

Shemeji alishika fundo lake bila kujua aliweke wapi. Mama yake alikuwa amesema, na hakukuwa na la kuongeza.

Tulikwenda Ushirombo kwa gari la mtaalamu. Alikuwa ameomba nywele chache za dada kwa ajili ya vipimo vyake. Dada alizikata mwenyewe, akanipa mimi nimkabidhi. Njiani kulikuwa na makorongo mengi na kila korongo dada alishika tumbo.

"Kaka, mtoto atakuwa mzima?"

Nikamtafsiria mtaalamu, ingawa dada alikuwa ameuliza kwa Kiswahili.

"Sijui," mtaalamu alisema. "Kuanzia leo hapati zaidi. Hilo ndilo ninalolijua."

Mtoto alizaliwa misheni, wa kike, na alilia. Masista walisema ni mzima. Mtaalamu aliandika barua kwamba tusubiri aketi, kisha asimame, kisha aseme. Aliketi kwa wakati wake. Kusimama alichelewa, na katika miezi ile dada hakuniuliza tena kama mtoto ni mzima, wala mama mkwe hajaniita hadi leo.