Mabakuli Matatu ya Maharage

Mama yangu mdogo ni mtu wa gundi. Kwenye karakana ya fanicha tunakofanya kazi, hakuna kiti kinachosimama bila kupita mikononi mwake. Gundi inakuja kwenye magunia, punje ngumu za rangi ya kahawia. Asubuhi anaziloweka, halafu anaziweka kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana ukiziweka kwenye moto wenyewe zinaungua na kunuka karakana nzima. Zikiyeyuka anapaka viungo vya viti kwa brashi, anavibana kwa vibanio, anavisukuma upande wangu. Mimi nasugua kwa msasa. Meza zetu zinatazamana, kwa hiyo haya ninayoandika niliyaona.

Gundi hiyo inatengenezwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe. Kila mtu pale analijua hilo, na ndiyo maana walimchokoza, kwa sababu mama mdogo hali nyama.

"Unaishika kutwa, unainusa kutwa, halafu unatuambia huli nyama," Redio alimwambia siku moja. Redio ni fundi wetu wa kupaka vanishi. Jina lake hilo ni kwa sababu akishawashwa asubuhi hazimwi mpaka jioni.

"Naishika, siimezi. Wewe vanishi umeshika miaka mingapi? Umeshainywa?"

"Haya, kuku je?"

"Anakimbia akikuona na kisu. Simli."

"Samaki?"

"Mtupie jiwe uone kama atakungoja."

"Konokono?"

"Naye anakimbia, ila hakujaliwa mbio."

Watu wakacheka. Redio akasogea karibu, brashi mkononi. "Na yai?"

Hapo mama mdogo alibana kibanio kwanza, akakaza mpaka mwisho. "Yai nakula. Halijaanza kumkimbia mtu."

"Ebo! Kumbe mpaka wako una mlango!"

"Mpaka ni wangu. Na mlango nimeuweka mimi."

Sababu ya kuacha nyama hakuwahi kuisema. Nyumbani kwake, ninakoishi na mimi, watoto wake wanne wanakula, anawapikia, anawapakulia, yeye anakaa na mboga yake. Nilimwuliza mara moja tu. Akaniambia, "Wewe mwanangu bamia huzipendi. Nani amekuuliza sababu?" Sikuuliza tena.

Karakanani ni marufuku kuja na chakula cha nyumbani. Si roho mbaya, ni panya. Panya wanaipenda ile gundi kupita kiasi, na makombo ya vyakula ndiyo yanayowaita. Wakishaingia wanatoboa magunia. Kwa hiyo wote tunakula kantini. Chakula ni wali, na juu yake nyama au maharage, basi. Mama mdogo alikula maharage miaka mingi bila shida na mtu.

Halafu akaja mpishi mpya. Maharage yake yalikuwa matamu, hata mama mdogo alimsifia. Alimwambia mbele ya watu, "Mpishi, mkono wako umebarikiwa."

Miezi miwili baadaye, tukiwa tunakula, mama mdogo akaacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kipande cha mfupa, kidogo kama ukucha. Akanyanyuka na sahani yake mpaka kwenye dirisha la mpishi.

"Hiki nini?"

Mpishi akainama kukitazama. "Aa, dada, huo ni mfupa tu. Nachemsha mifupa asubuhi, supu yake ndiyo napikia kila kitu. Bila supu maharage ni maji ya kunawia miguu."

"Kwa hiyo tangu umekuja unanilisha nyama."

"Nyama ni kitu cha kutafuna, dada yangu. Supu inatafunwa?"

Kantini nzima ikaangua kicheko. Mama mdogo aliweka sahani pale dirishani, akatoka nje kwenye bomba, akasukutua mdomo. Alisukutua muda mrefu sana. Niliposimama nyuma yake nilimsikia akisema, si kwangu, "Na nilimsifia."

Tangu siku ile hakula kantini. Saa nne alikunywa chai kama wote, mchana alikaa kwenye benchi na kikombe cha maji, mpaka mboga yake ya usiku nyumbani. Siku ya kwanza watu walisema anajidai. Siku ya nne walisema ana kiburi. Siku ya nane walinyamaza, maana macho yake yalikuwa yameingia ndani. Siku ya tisa aliyumba mbele ya jiko la gundi na gundi ya moto ikamrukia kwenye kifundo cha mkono.

Msimamizi alikuja akamtazama ule mkono. Si mtu mbaya, ila hana maneno mengi. "Kuanzia kesho utakula, au utakaa nyumbani. Sitaki mtu aniangukie kwenye moto."

Sisi tunajua maana ya kukaa nyumbani. Aliyemwaga unga pale kwetu harudi. Na wale watoto wanne hawana mtu mwingine, maana mshahara wangu wa msasa haulishi nyumba.

"Nitakula," mama mdogo akasema. "Nipikieni sufuria moja kwa maji matupu."

Mpishi aliitwa. Akafuta mikono kwenye aproni, akacheka. "Sufuria ya mtu mmoja! Mkubwa, huyu miezi miwili alikuwa analamba vidole. Hata hawezi kujua tofauti."

Maneno hayo yalimkata maini mama mdogo, niliona. Lakini uso ulibaki vilevile. "Naweza."

Msimamizi akawatazama wote wawili. "Basi kesho mpishi ataleta mabakuli matatu. Moja la maji matupu, mawili ya supu. Ukinionyesha lile la maji matupu, utapata sufuria yako kila siku. Ukikosea, utakula kama wenzako na sitaki kusikia tena habari hizi."

"Nimekubali."

Usiku ule nilimwambia, mama mdogo, utaonjaje? Ukionja si umekula? Alikuwa anafunga mkono kitambaa. "Lala," akaniambia.

Kesho yake mchana mabakuli matatu yalikuwa mezani, yanatoa moshi. Rangi moja, harufu ya kitunguu moja, mafuta yanaelea juu ya yote. Mpishi mwenyewe alimpa kijiko. Mama mdogo akakipokea, akakilaza mezani.

"Onja basi," akasema Redio.

"Sionji. Nikionja nimekwisha kula."

"Sasa utajuaje? Utayauliza?"

"Nimeambiwa nionyeshe. Sikuambiwa nionje." Akakunja mikono, akakaa kama mtu anayesubiri barua.

Dakika zikapita. Wenzetu walikula wakamaliza. Mpishi akaanza kuimba wimbo wa ushindi huku anakusanya sahani. King'ora cha kurudi kazini kikalia, mama mdogo hajagusa kitu.

"Muda umekwisha," msimamizi akasema.

"Mkubwa, jana hukuweka muda. Yafungie ofisini kwako. Jioni nitakuonyesha."

Msimamizi alifikiri kidogo, akayabeba mwenyewe kwenye sinia, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Mchana ule mama mdogo aliunga viti kumi na vinne kwa tumbo tupu. Nilivihesabu kwa sababu nilivisugua mimi.

Jioni tulijaa mlangoni mwa ofisi. Mama mdogo aliinua bakuli la kwanza, akaliinamisha taratibu. Mchuzi haukumwagika. Ulikuwa na ngozi nyeupe juu, na chini yake umekaza, unatetemeka. Akaliweka. La pili vilevile. La tatu alipoliinamisha, mchuzi ulikimbilia ukingoni kama maji, mafuta yake bado yanaelea.

"Hili."

Msimamizi akamtazama mpishi. Mpishi akalitazama bakuli, halafu sakafu. "Ndilo. Lakini amebahatisha, mkubwa!"

"Nimebahatisha nini?" mama mdogo akasema. "Miaka kumi na mmoja nakaa na mifupa iliyochemshwa. Ikipoa inaganda. Supu yako ni gundi changa, haijakomaa tu."

Redio akajishika tumbo. "Jamani! Kumbe ndiyo maana wiki hii sijaenda haja!"

Hata msimamizi alicheka, na kwake hilo ni tukio. Kisha akamwambia mpishi, "Sufuria yake, kuanzia kesho."

Mpishi hakucheka. Alisimama na ule uso wa mtu aliyetukaniwa mapishi yake, halafu akauliza kama mtu wa kazi. "Niweke mafuta gani?"

"Ya alizeti."

"Na mwiko?"

"Wa peke yake. Usiingie kwingine hata kwa bahati mbaya."

"Yai naruhusiwa kukuwekea?"

"Yai naruhusu."

Mama mdogo akavuta kiti, akakaa kwenye meza ya msimamizi bila kuombwa, akachukua kijiko cha chai cha msimamizi. Maharage yalikuwa baridi kabisa. Alikula yote, taratibu, sisi tumesimama tunamtazama, mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli.

"Hayana chumvi," akamwambia mpishi. "Kesho ongeza."