Mama Apolline Alichunga Kinywa

Musinisifie Mama Apolline. Ninamujua kuwapita ninyi wote. Watu wa Kasongo wakitaja jina lake ku soko, wanaweka mukono ku kifua kama vile wako kanisani: aa, ule mama, iko na roho ya Mungu! Ni kweli, iko nayo. Mimi Dieudonnée sikatai. Lakini mutu akikutendea muzuri, kisha akakuumiza na muzuri ule ule, utamuita nani? Mimi jina bado sijalipata.

Yeye ni mutoto wa kule Nyangwe, mwembamba, anakaribia miaka makumi tano. Anafika ku lopitali na kinga yake, baiskeli ya zamani haina breki, anasimamisha na kandambili. Muganga wa chumba cha watoto wenye kuzaliwa mbele ya miezi kutimia. Vitanda sita, masini moja ya oksijeni, na masini yenyewe inategemea jua. Mbele ya kugusa mutoto, anashika kopo la maji ya moto, vidole vipate joto. Kisha anasalimia: "Jambo, papa. Ni mimi Apolline, nimekuja kukubadilisha." Mutoto wa kilo moja, anamuita papa, sawa baba wa nyumba! Tulikuwa tunamucheka sana. Muzazi akishindwa kuinama, yeye anapiga magoti na kumufunga kitenge. Na baba akiingia na makelele yake ya pombe, anamukamata sikio, anamutoa inje: "Hapa watoto wanakomaa. Enda upigie kelele ku baa."

Na iko na sheria moja, hajaivunja hata siku moja. Mutoto akikufa, hamuambii mama yake. Anatafuta mukubwa wa jamaa, mama mukwe ao shangazi, anamuvuta pembeni ya lupango, ule uwanja wa lopitali, anamuambia yeye. Ule mukubwa anachunga kinywa, anamupeleka muzazi ku nyumba, wanawake wanakusanyika wa kumushika huku na huku, ndipo neno linatoka. Desturi hiyo si yake peke yake, ni yetu sote. Mama mwenye kidonda cha kuzala akipigwa na habari ya kifo akiwa peke yake, anaweza kumufuata mutoto. Vile tulifundishwa, na mimi pia ningekufundisha vile.

Sasa sikia. Mwaka moja nilizala mutoto mwanaume, miezi saba, kilo moja na gramu mia tatu. Damu ilinitoka mingi sana, maziwa yakakataa kuja. Nilikamua mpaka ngozi ikachubuka, nikapata matone mawili, matatu. Mama Apolline alinikalia pembeni, akaniambia wazi: "Maziwa ya unga yatamuvimbisha tumbo. Mutoto wa kilo hii anapona na maziwa ya mama tu." Basi, uzima wa mutoto wangu ulikuwa ndani ya kitu chenye sina. Hasira niliyokuwa nayo! Nilikasirikia hata mbuzi zenye zilikuwa zinanyonyesha mu lupango wa lopitali. Niliwatupia mawe.

Kitanda cha pembeni kilikuwa cha mutoto wa Mado. Huyu Mado aliletwa na moto, ile pikipiki, kutoka Salamabila, siku mbili za matope, bwana yake Pacifique anachimba zahabu kule. Si watu wa hapa, jamaa yao yote iko Kivu. Alipasuliwa, kidonda kikaoza, akabaki amelala mu materniti, nyumba ya wazazi, ngambo ya lupango, hawezi kutembea. Mutoto wake alimuona mara moja tu, akamupa jina Gédéon. Lakini maziwa yake, mama yangu, mingi kabisa! Kila masaa matatu Mama Apolline anavuka lupango, anarudi na kikombe kimejaa. Mimi ninaangalia kile kikombe, ninameza mate.

Asubuhi moja ya mawingu masini ilizima, na Gédéon akakufa. Mama Apolline alimufunga mu kitenge chake mwenyewe, chenye alivaa kuja kazini, akamupeleka yeye na sentineli mwenye kuchunga mulango, kumuzika nyuma ya lopitali. Kisha akasimama mulangoni. Amuambie nani? Mado hakuwa na mama mukwe hapa, hakuwa na shangazi, hata jirani. Simu ya Pacifique haikushika. Alituma habari na muchuruzi mumoja wa chumvi wa Salamabila, jibu likarudi nyuma ya siku ine: anakuja, lakini daraja limevunjika, angojee.

Siku ile ile ya kifo, saa sita, Mama Apolline alirudi na kikombe. Akasimama mbele yangu.

"Dieudonnée, mwenzako hajui bado. Damu yake ilipimwa, iko safi. Haya maziwa niyamwage?"

"Uyamwage? Uko na akili? Mupe wangu!"

"Basi tuchunge kinywa, mimi na wewe, mpaka watu wake wafike."

"Changu ukishone na uzi ukitaka," nikamujibu.

Na mutoto wangu akashika. Siku ya kwanza alikunywa na mupira mudogo wa pua, siku ya tatu akaanza kulamba mwenyewe ku kijiko. Ngozi yake ikaacha kukunjamana. Kule ngambo Mado alikuwa anauliza kila mara: mutoto iko namna gani? Na Mama Apolline, mutu mwenye hajui kudanganya, alikuwa anamupa habari za wangu. Ameongeza gramu makumi mbili, mama. Leo amefungua macho. Leo amekamata kidole changu, hataki kuachia. Mado anacheka, anakamua tena. Materniti yote walikuwa wanamupigia mikono.

Unataka kuniuliza kama niliona haya? Hapana. Nilikuwa ninahesabu vikombe. Usiku nilikamata rozari, nikamuomba Bikira Maria lile daraja lisitengenezwe upesi. Ndiyo, niliomba vile. Uchungu wa mutoto anaujua muzazi, wanasema, na mimi nilikuwa ninaujua wa kwangu tu.

Siku ya sita nilienda kuoga. Kurudi, ninamukuta Mado amesimama ndani ya chumba. Alikuwa ametembea peke yake, anashika ukuta, jasho linamutoka. Mutoto wangu alikuwa ndani ya kifua chake, ngozi ku ngozi, sawa vile Mama Apolline anatufundisha. Alikuwa anamuimbia polepole.

"Gédéon, papa wangu, angalia vile umekua!"

Mama Apolline alikuwa nyuma yake, mukono ku kinywa. Aliniangalia, akatikisa kichwa: ngojea, ngojea kidogo. Afazali ningengojea, hata dakika tano! Ulimi hauna mufupa. Nilipiga kelele mpaka watoto wote wakashituka.

"Acha mutoto wangu! Wako alikufa, siku sita sasa!"

Mado hakulia. Aligeuka polepole, akamuangalia Mama Apolline.

"Mwenye alifungua macho, ni nani?"

"Ni huyu, mama."

"Na mwenye alikamata kidole?"

"Ni huyu. Unisamehe."

Alimutoa mutoto kifuani, anashikilia shingo vizuri kabisa, akaniwekea mu mikono. Kisha akakaa chini ku simenti. Mama Apolline alipotaka kumushika, alisukuma mukono wake. Wanawake wenye walipaswa kumuzunguka saa ile walikuwa Kivu, wanalima, hawajui kitu.

Siku ile kikombe hakikuja. Usiku hakikuja. Asubuhi mulango ukafunguka, ni Mado, na kikombe mu mukono. Nilifikiri anakuja kunipiga nacho, na nilikuwa tayari kupigwa.

"Mutoto hana kosa," alisema, akakaa pembeni yangu.

Alikamua kuume, akakamua kushoto. Hakuna. Mama Apolline akaleta kitambaa cha maji ya moto, akamukanda, mimi nikashika kikombe. Hakuna. Matiti yale yenye yalikuwa yanajaza vikombe nane kwa siku yalikuwa yamelegea kama ya bibi. Wazee wanasema neno baya linakausha maziwa usiku moja. Sijui kama ni kweli. Ninajua neno lilitoka kwangu, na ninajua chini ya kikombe hapakulowana. Pale ndipo Mado alilia, na mimi sikuuliza analilia mutoto gani.

Tulijaribu maji ya sukari, tukajaribu serumu ya ku mushipa. Mwisho tukajaribu maziwa ya unga, tone kwa tone, Mama Apolline mwenyewe akiyapima. Tumbo likavimba, likangaa sawa ngozi ya ngoma. Siku ya tatu, mbele ya saa sita, aliniambia: "Enda uoge kidogo, Dieudonnée. Nitabaki naye."

Nilienda ku pompi ya maji. Kutoka pale mulango wa chumba unaonekana. Nilikuwa na sabuni mu macho niliposikia mulango, nikapangusa, nikaona Mama Apolline ametoka. Alisimama kwanza. Kisha akatafuta na macho mu lupango mpaka akamuona Honorine, mama mukwe wangu, mwenye alikuwa anapika pale tangu nizale. Akamukamata mukono, akamuvuta pembeni ya ukuta. Alisema maneno machache tu. Honorine aliweka mikono miwili ku kichwa, halafu akaishusha mbio mbio, akanawa uso na maji ya sufuria.

Nilimaliza kujimwangia maji. Nilivaa bila haraka. Walikuja wote wawili, Honorine na sahani ya wali na majani ya sombe, anaonyesha meno.

"Mutoto wangu, kula kwanza. Kisha tuende kidogo ku nyumba, upumuzike."

Ningeweza kulia pale pale. Ningeweza kumutukana Mama Apolline, mbele ya watu wote, na matusi ninayo ya kutosha. Lakini nilimuangalia yule mama, macho yake mekundu, na mu roho yangu nilikuwa ninamuomba kitu kimoja: anidanganye.

"Mutoto iko namna gani?" nikauliza.

"Amelala," akasema.

"Vizuri," nikamuambia. Nikakaa chini, nikakamata sahani, nikakula wali wote mpaka ukaisha.