Shati la Koplo

Shangazi yangu ni dobi, na hamwamini mtu. Ukimpelekea suruali, anaingiza mkono kila mfuko mbele ya macho yako, anaigeuza mifuko nje, kisha anahesabu vifungo kwa sauti ili baadaye usije ukamsingizia. Hata mwalimu mkuu, mtu mzima na mvi zake, alihesabiwa vifungo akabaki anakohoa. Mtaani wanamwita Mama Pasi, na wakimwona anakuja wanapunguza sauti, maana anajua mengi. Mume wa nani amelala wapi, nani amepoteza kazi lakini anaaga kila asubuhi, yeye ameyaona kwenye kola na mifukoni. Hasemi. Anatazama tu, na kutazamwa na Mama Pasi si mchezo.

Anafanyia kazi katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua hapa na pale, na nyuma kuna kamba za kuanikia. Ana mtindo wake ambao sijauona kwa dobi mwingine. Akimaliza kupiga pasi shati la mikono mirefu, hulikunja mikono ikiwa mgongoni, anapitisha uzi kwenye ncha za mikono yote miwili, anafunga fundo na kukata kwa meno. Kwa hiyo mikono haichomoki mashati yakipangwa. Mwenye shati akitaka kulivaa, sharti aukate uzi kwanza. Polisi wa kituo cha jirani, wateja wake wakubwa, walilalamikia uzi huo mpaka wakachoka.

Polisi hao hao ndio waliomfunga baba yangu, mdogo wake wa tumbo moja.

Baba ni fundi wa baiskeli. Mchana mmoja wa mvua alikuwa peke yake jikoni anakunywa chai, mlango wa nyuma ukavunjwa. Wakaingia wanaume wanne wenye nguo za kawaida, mmoja ameshika nondo. Hawakusema wao ni nani. Baba akanyakua spana kubwa, akampiga wa kwanza mkono, ukavunjika. Huyo wa kwanza alikuwa koplo. Walikuwa wanatafuta dawa za kulevya, hawakupata hata punje, na baadaye tukasikia kwamba nyumba waliyoitaka ilikuwa mtaa wa pili. Sasa ungedhani wangeomba radhi. Wapi! Mkono wa koplo ulikuwa umevunjika na lazima mtu alipie, kwa hiyo baba akashitakiwa kwa kumjeruhi polisi aliye kazini.

Kesi yote ilisimama juu ya jambo moja. Mtu akivamiwa nyumbani na watu asiowajua, sheria inamruhusu kujilinda. Akijua kwamba ni polisi, ruhusa hiyo hana. Koplo akaapa kwamba alikuwa amevaa sare, na kama ushahidi akainua mfuko wa plastiki wenye shati la sare, limekunjwa, mkono wa kulia umechanika kwenye kiwiko na una damu. Hakuna aliyelitoa mfukoni. Baba akapewa miaka saba.

Siku hiyo shangazi hakuwepo mahakamani, na ni mimi niliyesababisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafundisha chekechea, na nilikuwa nimeshamhukumu. Mchana ule wa uvamizi yeye ndiye aliyenitumia mtu kuniambia nisirudi nyumbani, nipite kwake nimsaidie mapazia. Alijuaje? Na kwa nini koplo alikuwa akija kuegemea meza yake na kupiga soga? Na baada ya baba kukamatwa, kwa nini aliendelea kufua nguo zao kama hakuna kitu? Niliyaunganisha yote, yakakaa sawa kabisa. Nikajiambia kwamba shangazi amemuuza mdogo wake ili asipoteze wateja.

Siku moja kabla ya hukumu, baba alipoonyeshwa njia ya kwenda kwenye gari, aliniinamia akaninong'oneza.

"Mwambie shangazi yako aje kesho, asikose. Lile shati limepigwa pasi. Aje alione."

Sikumwambia. Nilidhani baba hajui anamwita nani.

Ilipita miaka mitatu na miezi minne ndipo rufaa ikasikilizwa. Wakili alikuwa dada mmoja mpole wa msaada wa bure, naye alipita mwenyewe kumwomba shangazi aje, jaji aone kwamba mfungwa ana ndugu. Shangazi akafunga chumba, akavaa gauni lake la kutokea, akakaa safu ya tatu akimtazama kila mtu kama anataka kumhesabu vifungo. Wakili akaomba shati litolewe mfukoni. Lilipoinuliwa tu, shangazi akasimama.

"Samahani, mheshimiwa. Shati hilo halijavaliwa."

Akaambiwa akae. Akakaa, lakini akamwita wakili kwa mkono, akamnong'oneza sikioni. Wakili akarudi mbele, akaomba koplo, aliyekuwa ameitwa tena kutoa ushahidi, alivae shati lake. Koplo akaingiza mkono wa kulia. Alipotafuta wa kushoto, ukakataa, akabaki anazunguka kama mtu anayejikuna mgongo. Mikono yote miwili ilikuwa bado imeshonwa pamoja, na damu ilikuwa imekauka juu ya fundo. Watu wakacheka, hata karani. Mimi sikucheka. Nilikumbuka mapazia: yalikuwa mapazia tu, maana polisi walikosea nyumba na hakuna aliyewatuma kwetu.

Koplo alikuwa amechukua shati safi kutoka kwenye rundo, akalichana, akalipaka damu, na asikumbuke uzi wa dobi. Jaji alisema mtu aliyevunjiwa mlango na watu wasio na sare ana haki ya kushika spana. Baba akaachiwa huru.

Jioni ile tulikula watatu. Baba alichagua kiti kinachotazama mlango. Alipomaliza akamgeukia dada yake.

"Dada, mara ya kwanza nilikuita. Kwa nini hukuja?"

Shangazi alinitazama mimi, na sikuweza kuinua macho kutoka kwenye sahani. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

"Nilikuwa na nguo nyingi," akasema.

"Nguo," baba akasema. "Nguo zao."

Tangu siku hiyo baba anamsalimia dada yake kama jirani. Akipita mbele ya chumba chake hasimami. Mashati ya baba bado anayafua shangazi, lakini mimi ndiye ninayeyapeleka na kuyachukua. Mwaka wa tano sasa.

Juzi nilimwambia shangazi kwamba nitasema ukweli. Hakuacha kupiga pasi.

"Mimi ni dada yake, iko siku atanisamehe," akasema. "Wewe mwanawe, sina hakika. Nyamaza tu, mwanangu."

Nimenyamaza vya kutosha. Baba anasoma taratibu, kidole chini ya mstari, lakini husoma mpaka mwisho. Karatasi hizi nitamwekea mezani kesho asubuhi, kabla hajaenda kazini.