Furukombe wa Kirando na Mtumbwi Uliopinduliwa

Siku ya kwanza kuripoti kazini Sumbawanga nilitegemea kupewa bunduki. Afisa Wanyamapori wa Wilaya, mzee mfupi asiyependa kelele, alinipa darubini iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, akanipeleka nyuma ya soko la nafaka. Mwewe alikuwa ametua juu ya paa, anachambua manyoya yake.

"Binti, mwangalie. Halafu sogea."

Nikasogea. Mwewe akaacha manyoya, akanyoosha shingo, akanitazama.

"Simama. Sasa rudi nyuma mpaka aendelee na kazi yake."

Nilirudi kinyumenyume kati ya magunia ya mahindi, wapagazi wakinicheka. Nilikasirika, maana sikutoka kijijini Kate na kuacha shamba la ulezi la baba yangu ili nije kuchekwa mjini. Lakini somo lenyewe ndilo hilo, na sikupata jingine kubwa zaidi. Ndege aliyetulia huchambua manyoya, hula, husinzia. Akiacha shughuli zake akakukodolea macho, umemkaribia mno. Akijiinamisha kutaka kuruka, umeshachelewa.

Nilizunguka vijiji vya uwandani miaka mingi, kazi kubwa ikiwa kufukuza ngiri mashambani, hadi nilipohamishiwa Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko waliniita Bibi Nyama, kama afisa kilimo anavyoitwa bibi shamba, ingawa nyama kwangu hawakuionja hata siku moja.

Furukombe ni tai mla samaki: kichwa na kifua vyeupe, tumbo la kahawia, mbawa nyeusi. Wageni walisema anafanana na yule tai wa nembo ya Marekani, nami sikubisha. Wawili walikuwa wamejenga kwenye mkuyu ulioinamia maji, karibu na wanawake wanaoanika dagaa. Nilimpenda yule jike kuliko nilivyowapenda baadhi ya wakubwa zangu, na sioni haya kusema hivyo.

Kiangazi kimoja, kinda likiwa halijaota manyoya, bosi mpya alishuka na wageni kutoka mkoani. Kila mtu na simu yake mkononi.

"Mkuu, hapa panatosha," nilimwambia. "Kuna kinda."

"Mama, watu wametoka mbali. Tusogee kidogo tu, picha zitoke vizuri."

Akanipita, wageni wakamfuata. Jike akasimama kwenye kiota, akajiinamisha, akaruka. Kunguru hawakosekani penye dagaa, na wawili wao wakaondoka mchangani kuelekea mkuyuni. Mimi nilikuwa mtumishi, yeye mkuu wangu, na kinda lilikuwa limebaki peke yake.

Aliyetuokoa ni Mama Zaituni, mwanika dagaa. Aliacha dagaa wake, akaja akamshika bosi mkono wa shati.

"Baba, samahani. Mwenye nyumba atarudije na wewe umesimama mlangoni kwake? Twende nyuma."

Alikuwa na umri wa mama yake, na bosi hakuweza kubisha. Tulirudi sote hadi kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa mchangani, tukachutama nyuma yake. Jike akazunguka mara kadhaa, akashuka, akawatimua kunguru, akalifunika kinda kwa mbawa. Wageni wakapokezana darubini yangu. Walimwona akimnyofolea mwanawe samaki vipande vidogo, na hakuna aliyekumbuka simu.

Bosi alinirudishia darubini. Kisha akasema, "Basi kuanzia leo mwisho wa watu ni hapa kwenye mtumbwi."

Ikawa hivyo. Mama Zaituni aliisimamia amri ile kuliko mimi. Wavuvi waliokuwa wakimrushia ndege samaki ili ashuke apigwe picha, aliwasema hadi wakaacha, maana ndege alishazoea kufuata mitumbwi na nusura anase wavuni.

Nilipostaafu waliniaga Sumbawanga kwa hotuba na kitenge, nami akili yangu ilikuwa Kirando. Amri ile haikuwa sheria ya mtu yeyote. Ilisimama juu ya mtumbwi uliokuwa ukioza na wanawake wawili wanaozeeka. Niliogopa kwamba tukiondoka, watu watapanda hadi kiotani.

Mwaka jana nikapata habari kwamba Mama Zaituni amefariki. Nikashuka kuhani. Kutoka msibani nilipita ufukweni. Mtumbwi haukuwepo, bila shaka ulishaishia jikoni kwa mtu. Kiota kilikuwepo, tena kimenenepa, kwa kuwa furukombe huongeza vijiti kila msimu. Ndege akarusha kichwa nyuma akalia ile sauti yake. Machozi yakanitoka. Nikaendelea kutembea macho juu, bila kufikiri miguu inanipeleka wapi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa mwanamke anayeanika dagaa. Simjui, wala yeye hanijui.

"Samahani, Bibi, rudi nyuma kidogo. Anakuangalia."

Nikatazama. Kweli, ndege alikuwa ameacha kuchambua manyoya yake, shingo ameinyoosha.

"Nirudi mpaka wapi?"

"Mpaka pale kwenye mtumbwi," akasema, akiunyooshea kidole mchanga mtupu.

Nikarudi kinyumenyume mpaka aliponiambia panatosha, na furukombe akaendelea na kazi yake.